Viola: uishi kwa kuipiga au kwa kuifundisha chuo kikuu?

Mama mmoja alinisubiri nje ya ukumbi wa kanisa, Milimani hapa Kisumu, mazoezi ya Jumamosi yalipokwisha. Mwanawe alikuwa bado ndani, akipangusa unga wa rozini kwenye viola kwa kipande cha shuka kuukuu. "Mwalimu," akasema, "huyu amepata B ya KCSE. Babake anataka uuguzi. Yeye anataka hiyo viola. Nieleze kitu kimoja tu: mtu hula kwa kuipiga, ama hula kwa kuifundisha huko vyuoni?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema "yote mawili", nikacheka, nikakimbilia matatu. Swali lake limekaa nami tangu siku hiyo, maana mimi nimekula kwa njia zote mbili na nimelala njaa kwa zote mbili. Hili hapa ndilo jibu nililopaswa kumpa. Nina upande wangu na sitauficha.

Kwa wanaoiita bado "ile fidla kubwa", maneno machache kwanza. Viola hushikwa begani kama fidla, ila uzi wake wa chini kabisa ni Do iliyo oktava nzima chini ya Do ya katikati ya kinanda, na ule uzi wa Mi unaolia juu kwenye fidla haumo. Noti zake huandikwa kwa klefu ya alto, alama ya mwanzo wa mistari inayoonesha noti ipi iko wapi, ambapo Do ya katikati hukaa kwenye mstari wa tatu. Mwili wa fidla ya mtu mzima una takriban sentimita 35.5 popote uendapo. Viola haina kipimo kimoja, kuna za 38 na kuna za 43, na ukijichagulia kubwa kuliko mkono wako utakuja kulipa hospitalini. Sauti yake ni ya kati. Huko Ulaya wapiga viola ndio wanaotaniwa na okestra nzima, na bado ndio wanaotafutwa. Okestra kubwa ikikaa kamili huwa na fidla kama 30 na viola kama 12. Kwateti ya nyuzi, kundi la wapigaji wanne, ina fidla mbili na viola moja. Sasa hesabu watoto wanaojifunza fidla Kisumu, Kakamega na Nakuru, kisha hesabu wanaojifunza viola. Mimi kwa miaka yangu yote nimepata wanne, na watatu kati yao walikuja wakiwa wapiga fidla, nikawageuza kwa maneno matamu.

Uchache huo unazifaa kazi zote mbili, kwa hiyo hautusaidii kuchagua.

Asubuhi ni ya nani?

Watu wakizilinganisha kazi hizi huanza na mshahara. Mimi huanza na asubuhi.

Mwaka niliokuwa napiga tu, bila darasa, Ijumaa yangu ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Skeli kwenye uzi wa Do, polepole, upinde mzima kutoka kisigino hadi ncha, kabla jirani hajawasha redio. Chai. Saa mbili hadi saa nne, konseto ya Hoffmeister (viola moja ikiongoza, okestra nyuma yake), ukurasa mmoja, siku nyingine mistari miwili tu: pale ambapo kidole cha nne kinatakiwa kwenda mbali na kiganja kinajikaza chenyewe bila kuombwa. Unajifunza kuusikia ule mkazo kabla haujageuka kuwa maumivu, na hilo halifanyiki ukiwa na haraka. Saa saba nilikuwa stendi, viola mapajani, naelekea Nakuru kwa harusi ya Jumamosi. Njiani, baada ya Kericho, naandika kwa penseli sehemu ya viola ya wimbo wa injili ambao bibi harusi ameuomba Alhamisi usiku. Hakuna duka linalouza wimbo huo ukiwa umepangiwa viola. Usiku tunafanya mazoezi sebuleni kwa mpiga chelo, watu wanne kwenye viti vya plastiki, mtoto wake akiwa amelala kwenye kochi.

Miaka niliyofundisha chuoni, Ijumaa ilianza saa mbili kamili: darasa la mafunzo ya sikio, wanafunzi zaidi ya hamsini, kinanda kimoja chenye vidude viwili visivyolia. Karibu wote ni watu wa kwaya, masikio yao mazuri kuliko yangu, ila noti zilizoandikwa huwatia baridi. Saa nne mkutano wa idara kuhusu ratiba ya mitihani. Saa sita, karatasi za historia ya muziki za kusahihishwa. Saa nane akaja kijana wa mwaka wa nne na mradi wake kuhusu isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mradi mzuri, nikajifunza zaidi kuliko nilivyomfundisha. Saa kumi kwaya ya chuo. Viola ilikuwa chini ya meza tangu asubuhi. Niliifungua saa moja jioni, vidole vikavu kwa chaki na kichwa kimejaa watu.

Katika kazi ya kwanza asubuhi ilikuwa yangu na jioni ilikuwa ya wateja. Katika ya pili siku nzima ilikuwa ya watu, mimi nikaachiwa makombo. Sisemi hili kuidharau ya pili. Saa nane ile na kijana wa isukuti ilikuwa saa bora ya wiki nzima, na katika mwaka wangu wa kupiga tu hakuna mtu aliyeniletea swali lolote lililonifanya nifikiri, waliniletea oda. Kuna wanamuziki ambao wakikaa peke yao na skeli kwa saa nne wanaanza kuchukia maisha. Hao chuo kitawatunza.

Pesa, maana ndiyo mama aliuliza

Kenya haina okestra ya simfoni inayomwajiri mpiga viola kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Bendi za majeshi, polisi na magereza huajiri wanamuziki kwa mishahara, lakini gwaride hutembea kwa tarumbeta na ngoma, si kwa viola. Kwa hiyo "kupiga" huku kwetu maana yake ni kuunganisha vipande: harusi, ibada za shukrani, hafla za kampuni, kurekodi studio, tamasha moja moja Nairobi, na wanafunzi wa nyumbani. Hao wa mwisho ndio hulipa kodi ya nyumba. Usidanganywe na mpiga viola yeyote wa hapa anayesema anaishi kwa kupiga tu. Muulize ana watoto wangapi anaowafundisha fidla siku za wiki.

Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa ilinipa shilingi 4,000, nauli juu yangu. Nilirudi Kisumu nikiwa na 2,300 na keki. Siku hizi hali si hiyo, lakini mwendo wake haujabadilika: Agosti na Desemba unakataa kazi, Januari unahesabu mayai. Wanaoiita Njaanuari walikuwa wanatufikiria sisi. Na kuna lile neno "tutakutumia", ambalo mwenye harusi hulisema akiwa tayari amekupa mgongo. Nilijifunza kuomba nusu kabla na nusu kabla ya keki kukatwa. Keki ikishakatwa, simu huzimwa.

Chuo kikuu kina milango miwili, na wanaokuambia "nenda ukawe mhadhiri" hawakuambii unaingia kwa upi. Mlango wa kwanza ni ajira ya kudumu: mshahara, posho ya nyumba, bima ya matibabu, pensheni, na karatasi inayokubaliwa na sacco. Mlango wa pili ni uhadhiri wa muda, pati-taima, na kwa mpiga viola huo ndio uko wazi zaidi, kwa sababu hakuna idara yenye wanafunzi wa viola wa kutosha kumjazia mtu wiki. Unalipwa kwa saa ulizofundisha, baada ya muhula kwisha, baada ya alama kuingizwa, baada ya fomu kutiwa saini na watu ambao siku hiyo wako kwenye semina. Mimi nilifundisha muhula mmoja katika chuo ambacho sitakitaja, nikalipwa baada ya miezi 14. Fomu ilipotea mara mbili. Mara ya pili niliikuta kwenye droo ileile ya mara ya kwanza.

Hata walio ndani kwa kudumu hawajakaa juu ya godoro. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, wakidai malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya kuanzia 2017 hadi 2021. Lakini wakati wa mgomo mhadhiri wa kudumu bado ana kazi ya kurudia. Mpigaji wa harusi, bibi harusi akiugua, hana pa kurudi wala wa kumgomea.

Nikipima kwa pesa peke yake, basi, mpangilio wangu ni huu: ajira ya kudumu chuoni iko juu kabisa. Kupiga pamoja na wanafunzi wa nyumbani kunafuata kwa mbali. Uhadhiri wa muda uko mkiani, chini ya kupiga, na wengi hushangaa kusikia hivyo kwa sababu una jina zuri kwenye kadi ya mwaliko.

Karatasi na pazia

Njia ya chuo ni ndefu na imewekwa alama. Unahitaji C+ kuingia shahada ya kwanza, miaka minne. Uzamili, miaka miwili kwenye karatasi. Kisha uzamivu, kwa sababu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inautaka kwa anayetaka kuitwa mhadhiri kamili. Kabla ya hapo unaajiriwa kwa vyeo vya chini, ukiwa bado unasoma. Ukianza na miaka 19 na usikwame popote, uko karibu na 30. Na juu ya hapo, kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kunataka makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, pamoja na wanafunzi wa uzamili uliowasimamia. Unaweza kupiga sonata ya Rebecca Clarke ya mwaka 1919, kazi ngumu na nzuri kupita kiasi, ukumbi ukasimama. Asubuhi yake mwenyekiti wa idara atakuuliza ile makala imefika wapi.

Njia ya kupiga haina alama na haitaki vyeti. Ukienda kwenye usaili wa okestra ya Ulaya au Marekani, mara nyingi unapiga nyuma ya pazia ili wasaili wasikuone. Hakuna anayeuliza ulipata nini KCSE. Huanza na konseto ya Stamitz au ya Hoffmeister, zote mbili za Re meja, zinazoonekana rahisi hadi uzipige mbele ya watu wanaozijua. Wakikubakiza, wanataka konseto ya Walton, ya Bartók au ya Hindemith. Kisha vile vipande vya okestra: ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, skerzo ya Mendelssohn, kipande chepesi cha kasi kinachotaka upinde uruke kama mchele kwenye ungo. Dakika chache. Ukikosea mara moja, asante, mwingine aingie. Wengine kati ya hao walianza wakiwa na miaka sita.

Katikati ya njia hizi kuna mitihani ya ABRSM, ile bodi ya London iliyoanza 1889, ambayo wazazi wa Kisumu na Nakuru wanaijua vizuri. Gredi ya 8 ni kitu kizuri na inafungua milango ya idara nyingi. Ila nimeona familia ikifanya sherehe ya mbuzi kwa Gredi ya 8 kana kwamba kijana amefuzu udaktari. Kwa mhadhiri mtarajiwa ni mwanzo unaotosha. Kwa mpigaji mtarajiwa wa ng'ambo ni pale safari inapoanza kuwa ya kweli, na kama ameifikia akiwa na miaka 20 amechelewa tayari.

Kwani lazima uchague?

Wazee wangu walinipigia methali ya mshika mbili, moja humponyoka. Huwa nawajibu na Paul Hindemith, aliyeshika tatu. Alikuwa mpiga viola wa kwateti, mtunzi, na kuanzia 1927 mwalimu katika chuo cha muziki cha Berlin. Baadaye, alipoikimbia Ujerumani ya Wanazi, akafundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa zaidi ya miaka kumi. Konseto ya Walton ilipokataliwa na Lionel Tertis, aliyekuwa mpiga viola mkuu wa Uingereza, Hindemith ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza London mwaka 1929. Januari 1936 alikuwa London kwa tamasha, mfalme George wa Tano akafariki, programu ikavunjika. Akaketi akatunga wimbo wa maombolezo wa viola na nyuzi kwa saa chache, akaupiga yeye mwenyewe.

Mfano wa Hindemith una shimo, hata hivyo, na mwanafunzi mmoja aliniumbua nalo darasani. Huko alikofundisha, kupiga kulikuwa sehemu ya kazi ya ualimu. Hadi leo, katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, profesa wa viola anaajiriwa kwa sababu anapiga: anatarajiwa kutoa resitali, yaani tamasha lake mwenyewe, anakaa kwenye kwateti ya walimu, na wapo wenye udaktari wa upigaji wenyewe, ambapo resitali kadhaa husimama pale ambapo kwingine ungeandika sura za tasnifu. William Primrose wa Glasgow, ndiye aliyemwomba Bartók konseto ya viola ambayo mtunzi aliiacha haijakamilika alipofariki 1945. Alizunguka dunia kwa upinde kwanza, akapata mshtuko wa moyo mwaka 1963, ndipo miaka yake ya mwisho ikawa ya darasani, Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na kwingineko. Chuo kilimpokea kwa mikono yake.

Hapa kwetu kazi hizo mbili zimetenganishwa. Chuo kinakuajiri ufundishe nadharia, historia, mafunzo ya sikio, kwaya, mbinu za kufundisha muziki, na kama muda upo, viola. Upigaji wako ni starehe yako ya wikendi. Ndiyo maana ulinganisho wa Ulaya haumfai kijana wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. Akisoma huko mtandaoni kwamba "profesa wa viola" ni mpigaji anayefundisha, ajue kwamba Kenya neno hilohilo lina kazi nyingine ndani yake.

Mkono haungoji

Hapa ndipo upande wangu uko, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tertis alilazimika kuacha kupiga hadharani mwaka 1937 kwa maumivu ya mkono, akiwa kileleni. Alirudi baadaye, lakini kisa chake huwa nakikumbuka kila ninapoona kijana mwembamba na viola ya sentimita 42 kwa sababu "ina sauti kubwa". Mkono wa mpiga viola hujengwa mapema. Kati ya miaka 12 na 25 hivi unajifunza mambo ambayo baadaye yanawezekana lakini kwa bei mbaya. Uzamivu, kwa upande mwingine, nimeona watu wakiuanza na miaka 38, wana watoto watatu na mkopo, na wakaumaliza.

Kwa hiyo anayesita, ninamwambia aanze na mkono. Miaka ya chuo atafute mahali ambapo kuna mtu wa kumshikia mkono kila wiki, awe mpiga nyuzi kweli. Maseno iko nusu saa na ushee kutoka hapa na ina idara ya muziki. Kabarak nje ya Nakuru ina shule yake ya muziki. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Ufundi. Zote uzipigie simu na uulize swali moja bila aibu: ni nani atanifundisha viola, na mara ngapi kwa wiki? Idara nyingi zina nguvu kwenye sauti, kinanda na muziki wa Kiafrika, na mwalimu wa nyuzi huenda anatoka mbali. Jibu likiwa "tutapanga", panga wewe mwenyewe: Kenya Conservatoire of Music iliyoko Nairobi tangu 1944 inafundisha vyombo, na basi la usiku kutoka Kisumu unalijua.

Ng'ambo ni habari nyingine na sitaizungusha. Vyuo vya muziki vya serikali vya Ujerumani vingi havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Viza inataka uoneshe karibu yuro 12,000 za kuishi mwaka mmoja, na Kijerumani utakijua kabla hujafika. Halafu usaili. Kama kijana hajapiga Stamitz kwa raha na miaka 18, pesa hiyo ikae sacco.

Kuhusu jua la Kisumu, na orutu

Kuna kipengele ambacho hakuna anayekiweka kwenye ulinganisho: nani atatengeneza chombo. Viola huunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo kwa makusudi huachia joto na unyevu vikizidi, ili mbao isipasuke. Machi moja niliiacha yangu kwenye gari lililofungwa, Oginga Odinga Street, dakika arobaini. Niliporudi ubavu wa chini ulikuwa umefunguka kama mdomo wa samaki, wazi kiasi cha kupitisha kadi ya simu. Nikampelekea fundi wa makabati. Kosa ni langu, yeye alifanya alichojua: aliibana kwa gundi ya mbao, ile isiyoachia kamwe, na mwaka uliofuata, kiangazi kilipoivuta tena, ubao wenyewe ndio uliopasuka. Kutengeneza Nairobi kulikula mapato ya harusi tano. Nakuru, iliyo juu na kavu zaidi, shida hugeuka: vigingi vya kukazia nyuzi vinasinyaa na nyuzi zinalegea katikati ya ibada.

Hilo linagusa uchaguzi hivi: mwenye mshahara huipa viola likizo ya ugonjwa, mpigaji hupoteza kazi. Anayetaka kuishi kwa kupiga anahitaji viola ya pili, ya bei rahisi, mlangoni.

Na orutu. Ukishuka na viola mahali popote kuanzia Ahero hadi Siaya, mzee mmoja atakuuliza kama hiyo ni orutu ya wazungu. Si utani mtupu. Orutu, fidla ya Waluo, ina uzi mmoja, ngozi ya kenge, na upinde, na anayeipiga huimba juu yake bila kutetereka, jambo ambalo mimi siwezi. Kwa mpigaji, saa moja na mzee wa orutu ni somo bora la mkono wa kulia kuliko vitabu vingi. Kwa msomi ni zaidi: makala ya viola ya Walton kutoka Kisumu hakuna anayeisubiri, lakini mtu anayeshika pinde zote mbili na anaweza kueleza tofauti ya uzito wa mkono ana jambo la kuandika ambalo mwenzake wa Berlin hana.

Ningemwambia nani nini

Aliyeanza utotoni, Gredi ya 8 mfukoni kabla ya miaka 17, na familia inayoweza kumvumilia hadi 28: apige, na alenge nje. Akirudi na mkono, hata bila uzamivu, kazi ya kufundisha ataipata, na cheti chake cha nje akitafutie utambuzi hapa mapema kabla hajakihitaji.

Aliyeanza kidato cha pili, anapenda kusoma na kueleza, na ndani ya kwateti yeye ndiye anayesema "ngoja, tujaribu hivi": achukue chuo, lakini ajue analenga ajira ya kudumu, na awe tayari kuandika. Asikubali miaka mitano ya pati-taima kwa matumaini. Miaka miwili, kisha aulize swali wazi.

Kuna wa tatu ambao mama hakuniuliza, na nadhani ndio wengi. Shahada ya elimu yenye muziki na somo la pili, usajili wa TSC, ile tume ya walimu, kisha shule ya sekondari. Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 wanasoma kwa mikondo, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmojawapo wa mikondo hiyo. Walimu wa muziki wanaosoma noti watahitajika Vihiga kama Nairobi. Mshahara unaingia, likizo ni ndefu, na Agosti na Desemba, msimu wa harusi, shule zimefungwa.

Na babake asidharauliwe. Okestra za Nairobi zimejaa watu ambao mchana ni madaktari na wahasibu. Nesi anayepiga viola Jumapili ni mpiga viola, na nyuzi zake huwa mpya kuliko zangu.

Nilimpigia mama simu wiki iliyopita, nikamweleza haya kwa kifupi: kwamba mwanawe ana mkono, ameanza na miaka kumi, ningempa shahada ya elimu na muziki, mwalimu wa nyuzi kila wiki, na saa mbili za alfajiri zisizoguswa na mtu hadi atimize 23, ndipo achague. Akanyamaza kidogo. "Hizo za alfajiri, Mwalimu," akasema, "ataamka mwenyewe?"

Nikamwambia amuulize. Nilimsikia akiita, mlango ukafunguka, kimya. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Amelala," akasema. "Jana ameipiga hiyo kitu mpaka saa sita usiku, jirani akagonga ukuta."